Mbaraki ni joto, Norwe ni baridi: Maneno ya nguo ya kujua kabla ya kupanda ndege

Tuseme uko Mbaraki, saa tisa alasiri, mwisho wa mwezi wa tatu. Kaskazi imechoka, kusi bado haijaanza, na hewa imesimama tu. Umevaa fulana na bukta. Feni inazunguka juu ya kichwa lakini inachozungusha ni joto. Kule Kilindini meli inapiga honi ikiingia bandarini. Simu inalia.

Ni ujumbe kutoka kwa binamu yako aliyeko Norwe, yule uliyemwambia kwamba chuo kimekukubali na Agosti, Mungu akipenda, utakuwa safarini. Hajaandika mengi. Ameandika hivi:

"Usije bila hizi: ull, lue, votter, skjerf, regntøy, gode sko. Hizo zingine tutatafuta huku."

Unasoma mara ya kwanza. Unasoma tena. Sko unakisia ni viatu. Hizo nyingine? Hata kuzitamka hujui. Unamuuliza mamako, naye anakuuliza kama huyo binamu siku hizi ameacha kuongea lugha ya watu.

Cheka, lakini ujumbe huo ni muhimu kuliko unavyofikiria. Wengi wetu tukitaka kujifunza lugha ya ng'ambo tunaanza na salamu: habari ya asubuhi, jina langu ni fulani, natoka Mombasa. Salamu ni nzuri, ila haikukingi na baridi. Kwa kijana wa Pwani anayeelekea Norwe, iwe ni kwa masomo, kazi au kumfuata mwenza, maneno ya kwanza ya kukaa kichwani yawe ya nguo. Ukiyakosa utanunua kitu kisichofaa na pesa zitakuwa zimeenda. Ukiyakosa kazini unaweza kuumia. Na habari njema ni kwamba huhitaji kungoja mpaka ufike. Unaweza kuyajifunza hapa hapa kisiwani, kwa vitu unavyovishika kwa mkono.

Huko hali ya hewa si kisingizio

Sisi hapa, hata kusi ikivuma mwezi wa saba na bibi akaanza kujifunika leso mbili, kipimajoto hakishuki sana chini ya nyuzi 20. Norwe ni hadithi nyingine. Karasjok, kaskazini mwa nchi, waliwahi kupima nyuzi 51.4 chini ya sufuri, tarehe 1 Januari 1886. Tromsø jua halichomozi kabisa kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Bergen, mji wa pwani kama wetu, hupata mvua zaidi ya siku 200 kwa mwaka.

Sasa usidhani watu hukaa ndani wakingoja mambo yatulie. Wana msemo ambao utausikia mpaka uchoke: *Det finnes ikke dårlig vær, bare dårlige klær*. Maana yake, hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Sikiliza hiyo vær na klær zinavyoitikiana. Vær ni hali ya hewa, klær ni nguo. Watoto wa chekechea hucheza nje kwenye theluji, wafanyakazi huenda kazini, wanafunzi huendesha baisikeli kwenye mvua. Ukichelewa ukasema "ni baridi", utaangaliwa kama mtu aliyesema amechelewa Mombasa kwa sababu ya jua.

Kwa hivyo neno la kwanza ni hilo: klær, nguo. Sasa tuifungue ile orodha.

Ull: neno fupi, kazi kubwa

Ull ni sufu. Binamu aliianza orodha nayo kwa sababu huko sufu ndiyo inayogusa ngozi. Kuna nguo zinaitwa ullundertøy: nguo za ndani za sufu, fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana, zinazovaliwa chini ya kila kitu. Juu yake unavaa sweta, na juu kabisa jaketi la kuzuia upepo na mvua. Wao husema *lag på lag*, tabaka juu ya tabaka.

Hapa ndipo mtu wa Pwani hukosea. Sisi tumezoea pamba, na kwa joto letu pamba ni sawa kabisa. Kule, pamba ikinyonya jasho inabaki na maji, na maji hayo yanapoa mwilini. Ukipanda mlima ukatoka jasho kisha ukasimama kungoja basi, utatetemeka hata kama umevaa fulana tano za pamba. Sufu huendelea kukupa joto hata ikiwa na unyevu.

Na kuna mtego. Pamba kwa Kinorwe ni bomull. Umeona? Ndani ya bomull kuna ull. Zamani watu wa Ulaya kaskazini waliiona pamba wakaiita sufu ya mti, na jina likakwama. Kwa hivyo ukisoma lebo ukaona "100 % bomull", usikimbilie kufurahi kwamba umepata sufu. Umepata pamba, sawa na fulana uliyovaa sasa hivi.

Kofia, mikono na shingo

Lue ni kofia ya sufu ya kufunika masikio, ile mitaani kwetu tunaiita mavin. Hapa bodaboda huivaa usiku chini ya helmeti, huko karibu kila mtu anayo. Kofia yenye mdomo wa mbele, ile ya kepu, wao huiita caps, hata ikiwa ni moja tu.

Votter ndilo neno litakalokusumbua, kwa sababu kwa Kiswahili tunasema glavu tu na mambo yanaisha. Wao wana maneno mawili. Hansker ni glavu za vidole vitano, kila kidole na chumba chake. Votter ni zile ambazo vidole vinne hukaa chumba kimoja na dole gumba peke yake. Tofauti si ya urembo. Vidole vikikaa pamoja hupeana joto, kwa hivyo baridi ikizidi, votter hushinda hansker. Binamu ameandika votter, hakuandika hansker. Ukimpelekea picha ya glavu za pikipiki atakujibu kwa emoji ya kilio.

Skjerf ni skafu. Regntøy ni nguo za mvua: regn ni mvua, tøy ni nguo au kitambaa. Na gode sko ni viatu vizuri, yaani vyenye soli inayoshika barafu na vinavyozuia maji. Raba zako nyeupe za kutembelea Mama Ngina Drive hazimo humo, samahani.

Soma neno kutoka mkiani

Kinorwe hupenda kuunganisha maneno mpaka yanafanana na treni. Usiogope. Siri ni moja: kitu chenyewe kiko mwisho.

Sisi tunasema "jaketi la mvua". Jaketi linatangulia, mvua inafuata kueleza. Wao hugeuza: regnjakke, mvua kwanza, jaketi mwisho. Vinterjakke ni jaketi la majira ya baridi. Ullgenser ni sweta ya sufu, kwa sababu genser ni sweta. Ukikutana na neno refu, enda moja kwa moja kwenye behewa la mwisho. Ukiona linaisha na sko, ni viatu, hata kama hujui hayo ya mbele. Likiisha na bukse, ni suruali. Likiisha na jakke, ni jaketi.

Jihadhari tu na maneno yanayofanana na Kiingereza ulichosoma shuleni. Kwa Kinorwe, dress si rinda. Dress ni suti! Rinda ni kjole. Dada, ukialikwa harusi ukaambia watu umenunua dress, watakutarajia ukiwa na koti na suruali. Slips nayo si nguo ya ndani, ni tai ya shingoni. Na kjeledress si aina ya rinda: kjele ni boila, dress ni suti, kwa hivyo ni suti ya boila, yaani ovaroli ya fundi.

Kuna vazi moja usiliite kjole hata ikiwa umbo lake ni la rinda: bunad. Ni vazi la asili, kila eneo na nakshi zake, na utaliona kwa wingi tarehe 17 Mei, siku wanayoadhimisha katiba yao ya mwaka 1814. Kuliita rinda tu ni kama mgeni kuja Mji wa Kale akaiita leso kipande cha kitambaa. Si uongo, lakini atakuwa hajaona kitu.

Ngeli zao ni tatu, zetu umezimaliza

Wanafunzi wengi wa Kinorwe hulia wakifika kwenye jinsia za nomino. Wewe uliyekulia na ki-vi, m-mi na ji-ma utashangaa wanalia nini. Ziko tatu tu: en, ei na et. Unasema *en genser*, sweta. *Ei jakke*, jaketi. *Et skjerf*, skafu. Ukijifunza neno, jifunze na hako kaneno kake ka mbele, kama vile ulivyojua tangu utotoni kwamba kiatu ni kizuri na viatu ni vizuri.

Sifa nazo hufuata, vilevile kama kwetu: *en god genser*, *et godt skjerf*, *gode sko*. Sweta nzuri, skafu nzuri, viatu vizuri. Ndiyo maana binamu aliandika gode, kwa sababu viatu ni viwili.

Kitu kipya ni mkia. Ukitaka kusema lile jaketi tunalolijua wote, neno hubadilika mwishoni: jakke inakuwa jakka, genser inakuwa genseren, skjerf inakuwa skjerfet. Hata hili si geni sana. Si sisi huchukua nyumba tukaweka mkia ikawa nyumbani? Kazi ya mkia ni tofauti, lakini sikio lako tayari limezoea neno kubadilika huko nyuma.

Pia ujue wana namna mbili za kuandika, bokmål na nynorsk. Wageni wengi huanza na bokmål, na hiyo ndiyo utakayoikuta kwenye programu nyingi za kujifunzia. Kwa bokmål unaweza pia kukutana na *en jakke, jakken*. Usibabaike, zote mbili zinakubalika.

Ulimi nao uvae

Kwenye matamshi, Mswahili ana bahati. Irabu ya mwisho husikika: jakke ni "yak-ke", usiimeze hiyo e. J yao ni y yetu. Genser inaanza na g ngumu, kama ya gari.

Sko haitamkwi "sko", ni "sku". Skj ni "sh" ya shati: skjerf ni "sherf", skjorte, yaani shati, ni karibu na "shurte". Hapo chunga, kwa sababu skjørt, yenye ø, ni sketi. Ukichanganya dukani utaletewa nguo ya mwenzako. Ili kupata ø, sema "e" huku midomo umeiviringa kama unasema "o". Å ni karibu na "o" ya wazi, na æ iko katikati ya "a" na "e". Hizo ndizo herufi zao tatu za ziada, na ndizo zinazofanya jumla iwe 29.

Kj ya kjole ndiyo ngumu kuliko zote. Si "k", si "sh". Ni pumzi laini, kama unasema "hyu" haraka: "hyu-le". Ukishindwa usijilaumu. Vijana wengi wa Norwe wenyewe siku hizi huitamka "sh", na wazee wao hulalamika kama wazee wetu wanavyolalamikia Sheng.

Navaa, nimevaa, navua

Maneno bila kitendo hayatembei. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kuvaa, na kiambishi ndicho kinachoeleza: "navaa jaketi" uko mbioni kulivaa, "nimevaa jaketi" tayari liko mwilini. Kinorwe hutumia vitenzi viwili tofauti. *Jeg tar på meg jakka*: ninalivaa jaketi sasa hivi. *Jeg har på meg jakke*: nimevaa jaketi. Ile tar ni kuchukua, ile har ni kuwa na. Ukikumbuka na- na -me-, umemaliza.

Kuvua ni *ta av*. Na hapa kuna sentensi utakayoisikia mlangoni: *Ta av deg skoene*. Vua viatu. Watu wa Norwe huvua viatu wakiingia nyumbani, na mgeni pia. Mtu wa Mbaraki hahitaji kufundishwa hili, tumelelewa nalo. Lakini lina somo lake la nguo: soksi zako zitaonekana kila nyumba utakayoingia. Soksi ni sokker. Nunua zisizo na dirisha kwenye dole gumba.

Darasa lako liko Kongowea

Sasa mazoezi. Huhitaji karo. Vuka Nyali uingie Kongowea asubuhi marobota yanapofunguliwa, au zunguka kwa wauza mitumba walio karibu nawe. Usiangalie rangi kwanza. Geuza nguo, tafuta ile lebo ndogo ya ndani iliyoandikwa lugha kumi na kitu.

Humo utaona herufi mbili mbili kabla ya kila lugha. Ukiona NO, haikukatazi kitu. Ni Kinorwe. Mara nyingine utakuta NO imeandikwa pamoja na SE na DK, kwa sababu Kiswidi, Kidenmarki na Kinorwe ni ndugu. Soma mstari huo. Ull, sufu. Bomull, pamba. Silke, hariri. Lin, kitani. Skinn, ngozi. Dun, yale manyoya laini ya ndege yanayojaza majaketi mazito. Ukikuta *håndvask*, nguo hiyo hufuliwa kwa mkono. *Tåler ikke tørketrommel*, haivumilii mashine ya kukaushia. Str. ni kifupi cha størrelse, saizi. Kwenye nguo za watoto, "3–4 år" ni miaka mitatu hadi minne, na nambari kama 104 au 110 ni urefu wa mtoto kwa sentimita, si bei wala umri.

Zoezi hili lina faida mbili. Unajifunza neno huku kidole kikiwa juu ya kitu chenyewe, na hilo halisahauliki. Halafu unaweza kupata kitu cha safari. Sufu halisi ikitua Mombasa haina mnunuzi mwingi, maana nani anaitaka kwa joto hili? Muuzaji anayejua kamera yake atakupandishia bei ya jinzi, lakini sweta nzito ya sufu huenda akakuachia kwa bei nzuri tu. Ila usome lebo kabla ya kulipa. Akikuapia "hii ni sufu, wallahi", na lebo inasema akryl au polyester, amini lebo.

Unaweza pia kukutana na majaketi ya mvua yenye herufi HH. Hiyo ni Helly Hansen, na hadithi yake ingemfaa baharia yeyote wa hapa. Mwaka 1877, katika mji wa Moss, nahodha Helly Juell Hansen na mkewe Maren Margarethe walianza kutengeneza nguo za mvua kwa kitani kilicholoweshwa mafuta ya mbegu za kitani. Nahodha alikuwa amechoka kuloa baharini. Kile tunachokiona leo kwenye mgongo wa bodaboda usiku wa mvua kilianzia kwa mtu wa meli.

Ukienda kazini, neno ni kinga

Kama unaenda kufanya kazi, kuna kikundi kimoja cha maneno ambacho si cha mchezo. Hapa Mombasa, ukipita karibu na gati la Mbaraki au ukisomea ubaharia pale Bandari Maritime Academy, umeshaona vifaa hivi. Jifunze majina yake ya Kinorwe.

Hjelm ni helmeti. H haisikiki, sema "yelm". Verne ni kulinda, kwa hivyo vernesko ni viatu vya usalama vyenye chuma mbele, na vernebriller ni miwani ya kukinga macho. Hørselvern ni vikinga-masikio. Arbeidshansker ni glavu za kazi. Refleksvest ni kizibao kinachong'aa ukimulikwa na taa. Redningsvest ni jaketi la kujiokolea majini.

Fikiria umesimama kwenye sitaha, msimamizi anakupigia kelele *redningsvest!* na wewe unauliza kwanza ni nini. Kwa neno hilo hakuna muda wa kufungua programu ya kutafsiri.

Kabla ya begi, hakikisha safari yenyewe

Kuna jambo lazima tuambiane, kwa sababu maneno ya nguo hayana maana kama safari yako ni hewa.

Kwanza, kama kuna mtu anakuahidi kibali cha au pair, yaani kukaa na familia ukilea watoto huku ukijifunza lugha, kimbia. Norwe ilifuta mpango huo tarehe 15 Machi 2024. Anayechukua pesa yako leo kwa ahadi hiyo anauza kitu ambacho hakipo.

Pili, ile hadithi ya "chuo kikuu cha bure Norwe" imepitwa na wakati kwetu. Tangu vuli ya 2023, wanafunzi wapya kutoka nje ya Umoja wa Ulaya na eneo lake la kiuchumi wanatozwa karo. Uliza kiasi chuo chenyewe, si wakala.

Tatu, kazi nyingi zinataka lugha. Muuguzi aliyesomea nje ya Ulaya, kwa mfano, anatakiwa kufaulu Kinorwe kiwango cha B2 kabla ya kuidhinishwa kufanya kazi. Hicho ni kiwango cha kuzungumza na mgonjwa na kuandika ripoti, si cha kuagiza chai. Wakala akikuambia lugha utaifunzwa ukifika, usijali, basi wewe jali.

Vibali vyote hushughulikiwa na idara ya uhamiaji ya Norwe, UDI, na masharti yake yako wazi kwenye tovuti yao. Hapa nyumbani, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, ndiyo inayosajili mawakala wa kazi za nje. Angalia jina la wakala huko kabla hujatuma hata shilingi. Mama hauzi dhahabu yake ili mtu asiye na leseni anunue gari.

Haba na haba

Mwaka 2011, Norwe iliwakilishwa kwenye shindano la nyimbo la Eurovision, mjini Düsseldorf, na Stella Mwangi, msanii aliyezaliwa Kenya na kukulia huko. Wimbo wake uliitwa "Haba Haba", na ndani yake mlikuwa na ile methali yetu ya kibaba. Kwa hiyo kama kuna methali ambayo watu wa Norwe wameshaisikia, ni hiyo. Itumie kwenye maneno yako.

Panga maneno matano kwa siku, si hamsini. Asubuhi ukivaa, taja: *Jeg tar på meg skjorta. Jeg tar på meg buksa.* Jioni ukirudi, vua ukitaja. Bandika vikaratasi kwenye kabati. Duolingo wana kozi ya Kinorwe, na chuo kikuu cha NTNU cha Trondheim kina kozi ya mtandaoni ya bure inayoanzia sufuri. Pia kuna programu ya hali ya hewa inayoitwa Yr, ya taasisi ya hali ya hewa ya Norwe na shirika la utangazaji NRK. Iweke kwa Kinorwe, tafuta Mombasa, kisha tafuta mji unaoenda. Kila siku soma miji hiyo miwili: regn, mvua, vind, upepo, snø, theluji, sol, jua. Halafu jiulize, leo ningekuwa kule ningevaa nini? Jibu kwa sauti. Watu wa nyumbani watakuzoea.

Ukifanya hivyo kuanzia leo hadi Agosti, utakuwa na maneno ya kukutosha kuingia dukani, kusoma lebo, kumwelewa msimamizi na kumjibu mwenye nyumba anayekukaribisha mlangoni.

Na yule binamu usimwache bila jibu. Jumamosi ijayo, ukitoka Kongowea na mfuko wako, mtumie picha na mstari mmoja: *Jeg har ull, lue og votter.* Nina sufu, kofia na votter. Kabla ya kubonyeza kutuma, geuza ile sweta usome lebo mara ya mwisho. Isije ikawa ni bomull.